Ua Lisilolowa

Kama umekuja kuniambia kwamba majini ni mambo ya Pwani, na kwamba sisi wa Kyela tuna ziwa, mvua na makanisa ya kutosha, ondoa miguu yako kwenye mkeka wangu. Ninyi mnaamini kila kinachopita kwenye simu, kwamba ndimu inatibu kila ugonjwa na kwamba fulani amefufuka huko sijui wapi. Lakini mkisikia jambo lililotokea Ikolo, kwa watu wenye majina na mashamba, mnakunja pua. Haya, kunja. Pua ni yako. Anyes naye alikuwa mtu wa kukunja pua, ndiyo maana naanza na yeye.

Anyes, mke wa mzee Erasto, hakuwa mwanamke wa kuota ndoto na kuamka akitafuta mfasiri. Alikuwa na mpunga, kakao, mume wa kikohozi na mtoto mmoja wa kiume, Godlove, dereva wa lori la mchele. Uani palikuwa na nyumba mbili: ya zamani, ya wazee, na mpya ya matofali ya kuchoma upande wa migomba, aliyoijenga Godlove. Humo aliishi na mkewe Atupele na kichanga chao, Tulinagwe.

Jambo lenyewe lilianza na kuku.

Ilikuwa asubuhi ya Aprili, mvua imenyesha tangu juzi bila kuvuta pumzi, ile mvua ya kuwafanya vyura waje jikoni kuomba hifadhi. Anyes alikwenda nyuma ya nyumba ya Godlove kufuata jembe, akakuta kuku wanaoga vumbi. Alisimama akawatazama. Walikuwa wamejilaza ubavu chini ya lile ua la Godlove, wakijirushia vumbi mgongoni kana kwamba ni Agosti, na hatua moja tu kutoka hapo maji yalikuwa yanatiririka kwenda kwenye mpunga. Akainama, akachomeka kidole. Udongo ulikuwa mkavu na una joto kidogo, kama majivu ya jana.

"Nani analifunika hili dude?" akauliza.

Kuku mmoja alipiga chafya.

Lile ua Godlove alilileta wakati wa kiangazi. Gari lilimharibikia njia ya Dodoma, huko mbele ya Mtera, kwenye nchi ya mawe na miiba ambako mbuzi hula karatasi. Akaliona juu ya mwamba: kijiti kifupi chenye shina lililovimba kama mtungi, ganda laini la kijivu, hakina jani hata moja, na juu yake maua mekundu, meupe katikati, yameachama kwenye jua. Watu wa mjini huliita waridi la jangwani, wakalipanda kwenye vyungu mbele ya hoteli. Huko porini wawindaji huchemsha utomvu wake wakapaka mishale. Mzee mmoja mchunga mbuzi alimwambia Godlove aliache, lina mwenyewe.

"Nikamwambia mwenyewe akilitaka aje Kyela," Godlove alisimulia aliporudi, mdomo umejaa wali. Wote wakacheka. Anyes pia alicheka, tusimtakase.

Godlove alikuwa amemletea baba yake zawadi, na Erasto akaipanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba ya mwanawe, karibu na njia yake ya kwenda shambani. Watu wakasema litaoza mvua ya kwanza ikidondoka. Halikuoza. Lilichanua, na Erasto kila akipita alisimama hapo, akalitazama, akakohoa, akaenda zake.

Sasa nikueleze utaratibu wa nyumba ile, maana bila huo hutaelewa kitu. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Najua siku hizi mnakaa na wakwe zenu sebuleni mnaangalia mpira, sawa, macho ni yenu. Kwa Erasto bado walishika. Mzee akitaka kupita upande wa mwanawe alikohoa kwanza. Atupele akisikia aliacha alichoshika, akajitupia kanga kichwani, akageukia ukutani. Mtoto alimlaza mkekani, maana mtoto ni wa babu, hafichwi. Mzee akiisha kupita alikohoa tena. Kikohozi cha kwanza, nakuja. Cha pili, nimepita. Katikati hapo mkwe hageuki hata nyumba ikiungua.

Baada ya kuku, macho ya Anyes yalifunguka. Kakao aliyoifunika kwa majani ya migomba ili ivunde na kutoa jasho, alipoifunua aliikuta kavu, inalia kama karanga. Ndoo alizokinga chini ya bati asubuhi zilikuwa nusu ifikapo jioni, na mvua ingali inanyesha. Halafu Tulinagwe. Mtoto aliyekuwa na mashavu ya kufinywa akaanza kupasuka midomo. Akilia, analia bila machozi. Atupele alijikamua titi mbele ya mama mkwe wake, likatoa tone moja, la pili likakataa. Kliniki walimpima mtoto wakakuta amepungua, wakampa dawa ya maji ya chumvi na sukari, wakamwambia mama ale vizuri. Mama alikuwa anakula vizuri. Anyes ndiye aliyekuwa anapakua.

Kilichomkaa Anyes moyoni kilikuwa jagi. Kila alasiri Atupele alijaza jagi la maji, akaliingiza ndani uso umeinama, na baadaye akalitoa tupu uso umeinama vilevile. Mwanamke mmoja na kichanga hawamalizi jagi.

Jirani yao Doreen, anayevusha vitenge kutoka Malawi na habari kutoka kila mahali, aliposikia hilo alitua furushi lake chini.

"Mama Godlove, jagi hilo lina ndevu."

"Sema vizuri."

"Nasema mwanao yuko barabarani, na mkweo huyo ana damu mwilini. Wewe ulidhani anamwagilia ukuta?"

"Atupele si wa hivyo."

"Hakuna wa hivyo mpaka siku anapokuwa wa hivyo. Mume wangu wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa, na bado alikuwa wa hivyo." Doreen akabeba furushi lake tena. "Usimuulize. Ukimuuliza ataficha. Kaa kwenye migomba ukae kimya, kama unaweza kukaa kimya. Mimi sijawahi kukuona umenyamaza."

Anyes alimtukana kidogo, kwa heshima ya ujirani, na alasiri iliyofuata akaenda kukaa kwenye migomba.

Dirisha la nyuma la Godlove lilikuwa wazi. Anyes alijibanza kando yake, majani yakimdondoshea maji shingoni, akachungulia. Aliona nusu ya mkeka, mgongo wa Atupele, na jagi sakafuni. Msichana alikuwa anajaribu kumnyonyesha mtoto, na mtoto anageuza kichwa kama mtu aliyechoka kudanganywa.

Kwanza ilikuja harufu. Unaijua ile harufu ya vumbi linapodondokewa na tone la kwanza baada ya kiangazi kirefu? Hiyo. Katika uwanja ambao ulikuwa umelowa kwa majuma, ilikuja harufu ya tone la kwanza. Kisha kikaja upande wa mbele wa nyumba kikohozi ambacho Anyes alikijua kuliko jina lake, kizito mwanzoni, kikavu katikati, na mwishoni kina kifilimbi. Kikohozi cha Erasto.

Atupele alimlaza mtoto mkekani, akajifunika, akageukia ukutani.

Anyes akasubiri kikohozi cha pili. Hakikuja. Alisikia mlango ukisukumwa, akasikia nyayo zikiingia ndani polepole, nyayo kavu, zinazokwaruza kama za mtu aliyetoka kutembea kwenye changarawe, zikapita karibu na mkwe aliyegeuka ukutani, zikafika mahali ambapo yeye dirishani hapaoni, na hapo kigoda kikalia kama kinavyolia mtu mzima anapokikalia, na maji yakaanza kunywewa kutoka kwenye jagi, mafundo marefu yasiyo na mapumziko, na muda wote huo kikohozi cha pili hakikuja.

Unadhani aliogopa? Alikasirika. Baba mkwe kuingia kwa mkwe wake na kukaa kitako! Erasto, mzee mzima, anayeongoza sala Jumapili. Anyes alizunguka nyumba akiwa na maneno ya miaka arobaini kwenye ulimi, yamepangwa tayari, akitaka amkute mlangoni anatoka.

Alimkuta kwenye kona. Lakini alikuwa anatoka mpungani, jembe begani, matope mpaka magotini.

"Mama Godlove," Erasto akasema, "mbona umelowa hivyo? Umeanguka?"

Ndani ya nyumba, kikohozi kikasikika, kizito, kikavu, na kifilimbi mwishoni.

Erasto aliinua mkono akajishika koo. Waliutazama mlango, na mlangoni hakutoka mtu.

Anyes aliingia peke yake. Erasto hakuweza, hata siku hiyo hakuweza, ni nyumba ya mkwe wake. Ndani hapakuwa na mtu isipokuwa Atupele, aliyekuwa anajifunua na kumwokota mtoto. Jagi lilikuwa tupu. Kwenye saruji, kutoka mlangoni hadi kwenye kigoda, kulikuwa na mstari wa vumbi jekundu, laini, ambalo Kyela hatuna.

"Baba ameondoka?" Atupele akanong'ona.

"Baba yako yuko nje. Ana matope mpaka magotini."

Atupele aliangalia vumbi. Kisha akaangalia mikono yake, ambayo kila siku ilijaza jagi.

"Lini kimeanza?" Anyes akamuuliza.

"Mama, mimi..."

"Sikugombezi. Nimekuuliza lini."

"Tangu baba Tuli aliposafiri. Mwanzoni alikuwa anapita tu. Nikajifunika, akapita. Halafu akawa anasimama mlangoni. Halafu akaingia."

"Na wewe ukanyamaza."

"Ningemwambia nani, mama? Niseme baba mkwe anaingia ndani kwangu mchana? Mngesema namsingizia. Ningerudishwa kwetu." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nikafikiri ana kiu, ni mtu mzima. Nikaweka maji. Nikafikiri amekuja kumwona mjukuu."

"Akiingia anafanya nini?"

"Anakunywa. Halafu kigoda kinalia, anainuka." Atupele alimkumbatia mtoto. "Anainama pale mkekani. Nasikia pumzi. Anavuta tu, mama, hatoi. Mtoto analia mwanzoni, halafu halii. Na mimi sigeuki, maana hajakohoa. Nasubiri akohoe. Kila siku anachelewa zaidi kukohoa."

Anyes alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kukaa chini pale kwenye saruji na kujifunika mwenyewe. Hakufanya hata moja, akachukua ufagio.

Jioni hiyohiyo Erasto alilifuata lile ua na panga. Alilipiga kwenye lile shina nono na panga likaruka kama limepiga mpira. Alipiga tena, likachanika kidogo, likatoa utomvu, na vumbi chini yake likaunywa. Erasto alisimama akihema. Akafungua mdomo akohoe. Kifua kilitikisika, mabega yakapanda, mishipa ya shingo ikamtoka, na hakuna sauti iliyotoka. Tangu siku ile mzee yule hakukohoa tena. Watu wakadhani amepona. Anyes alilala kando yake akimsikiliza akitikisika kimya, na alasiri kikohozi kikawa kinasikika kule kwa mwanawe, kimenona.

Walijaribu kumhamisha mtoto. Atupele alipanda baiskeli ya abiria na Tulinagwe kifuani, kwenda kwa dada yake Itungi. Hawakufika. Kadiri walivyokwenda mbali ndivyo mtoto alivyozidi kuwa mwepesi, mpaka mwenye baiskeli mwenyewe akauliza kama bado amebebwa, na Atupele alipofunua alikuta midomo imekuwa ya kijivu na ulimi umekauka kama gome. Waligeuza. Karibu na nyumbani mtoto akavuta pumzi. Kile kitu kilikuwa kimeshamfunga kamba, na kamba ilikuwa fupi.

Ndipo akaitwa Asajile wa Njisi. Asajile alikuwa fundi miavuli, na kwa mvua zetu hakuwahi kukosa kazi, lakini miavuli ilikuwa ya mchana na majini yalikuwa ya wakati wowote. Alifika na baiskeli yake, akaiegemeza mgombani.

"Mugonile, mama," akasalimu.

"Ndaga, asante. Kigoda hiki hapa, fundi."

"Sikai." Alikuwa ananusa. Alikwenda mpaka nyuma ya nyumba, akaliangalia ua kwa mbali. Halikuwa na jani hata moja bado, lakini maua yalikuwa yameongezeka, mekundu kama koo la mtoto anayelia. Mvua ilikuwa inanyesha juu yake na haikuligusa. Asajile alikunja mwavuli wake, akaufungua tena, kama mtu asiyejua afanye nini na mikono.

"Mimi natoa majini ya ziwa," akasema. "Yale ukiyakemea yanarudi majini, yana kwao karibu. Hiki kwao ni mbali. Nani amekiita?"

"Mwanangu. Kwa mzaha."

"Na nani anakipisha?"

Atupele aliinamisha kichwa.

"Kila siku?"

"Kila siku," Anyes akamjibia.

"Basi hakitoki. Hata mchome huo mti, kimeshahama kwenye mti. Kinakaa kwenye kiti sasa. Kinangoja kumaliza kuwa baba wa nyumba hii."

"Sasa wewe kazi yako ni nini?"

"Kukwambia ukweli, mama. Mwingine angekula mbuzi wako kwanza." Alimwinamia Tulinagwe, akambonyeza ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama. "Huyu asipolowa mdomo kesho au keshokutwa, mtamzika. Na huyu binti asikigeukie. Mkwe akikitazama na kukikuta kina sura ya mzee, kimeshamaliza."

"Mimi si mkwe wake," Anyes akasema.

"Ndiyo. Wewe una ruhusa ya kumtazama." Asajile akafikiri kidogo. "Kule kilikokaa, juu ya jiwe, hakikujua salamu wala kiti wala nani anampisha nani. Adabu yote kiliyo nayo kimejifunzia hapa kwenu. Hilo nalijua. Zaidi ya hapo sijui, na sitaki kujua, nina watoto." Akapanda baiskeli yake, akaenda, mwavuli ukiwa umeinamishwa upande ambao mvua haitoki.

Kesho yake Anyes alimpeleka Atupele kwenye nyumba ya wazee, akamwambia afunge mlango asitoke hata akisikia nini. Erasto alikaa nje, chini ya bati, mikono kwenye koo. Anyes akamchukua Tulinagwe, ambaye hakuwa na uzito wa kumlalamikia mtu, akaingia nyumba ya Godlove, akakikalia kile kigoda mwenyewe. Jagi aliligeuza kichwa chini. Mtoto hakumlaza mkekani.

Alisubiri. Mvua ilikuwa inapiga bati, halafu ikawa inapiga bati mbali kidogo, halafu kama bati la jirani, na harufu ya vumbi ikapanda kutoka sakafuni. Kikohozi kikasikika nje. Anyes hakujifunika. Aliutazama mlango na mlango ukasukumwa.

Kiliingia na shati la Erasto, lile lililopotea kwenye kamba, na kilikuwa na mikono ya Erasto na miguu ya Erasto, miguu mikavu yenye vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo, lakini juu ya kola, mahali pa uso, palikuwa laini na pa kijivu na pamevimba, ganda tupu lisilo na jicho wala mdomo, kwa sababu tangu kianze kupita katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kukitazama, wote waligeuka, na kitu ambacho hakijatazamwa hakijui kiwe na uso gani. Sasa kilikuwa kinatazamwa. Na Anyes, akiwa amekaza macho, aliona lile ganda likianza kuingia hapa na kutoka pale, likitafuta, likichukua kutoka kwenye macho yake mwenyewe, pua ikaja, taya likaja, na akatambua kwamba hakikuwa kinatengeneza uso wa mzee aliyeko nje chini ya bati, bali wa yule kijana aliyekuja kumposa, mwenye meno yote.

"Anyes," kikasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa ya Erasto. "Nipishe."

"Mume wangu hajawahi kuniomba nimpishe," Anyes akasema. "Hunipita tu."

Kilisimama kati yake na mlango. Uso ulikuwa unaendelea kuja. Ulikuwa mzuri, hata yeye alikubali moyoni kwamba ulikuwa mzuri kuliko alivyokuwa akiukumbuka.

"Nipe mjukuu wangu."

"Hapana."

"Nina kiu."

"Ziwa liko hapo chini. Kanywe."

Kilivuta pumzi, na Anyes akahisi ulimi wake ukikauka, na macho yakikauka, na mapajani pake Tulinagwe akaacha kujinyonganyonga. Kilivuta tena. Hakikuhitaji kumgusa mtu. Kingesimama tu pale mlangoni kikivuta mpaka yeye na mtoto wabaki kama ile kakao, na yeye hakuwa na panga wala maji wala sala ambayo angeweza kuitamka kwa ulimi ule, na njia ilikuwa moja tu na kilikuwa kimeiziba, na kitu hicho hakingempisha mtu kwa sababu katika nyumba ile chenyewe ndicho kilichokuwa kinapishwa, kila siku, kwa kikohozi.

Kwa kikohozi. Anyes aliinuka kwenye kigoda.

Alijaribu, koo halikutoa kitu. Lilikuwa kama mfuko wa karatasi. Alijaribu tena na mabega yakamtikisika kama ya mumewe usiku. Kile kitu kiliinamisha kichwa kumwangalia mtoto. Anyes akauma ulimi wake kwa nguvu mpaka damu ikaja, akameza hiyo damu, na kwa koo lililolowa damu akakohoa. Hakukohoa chake. Alikohoa cha Erasto, kizito, kikavu, na kifilimbi mwishoni. Amekilalia kando miaka yote ile, unadhani angekikosea?

Kile kitu kilisimama wima. Mikono ikapanda polepole. Kilitazama huku na huko kama mtu aliyekutwa, kikavuta kanga ya Atupele kutoka kwenye kamba, kikajitupia kichwani juu ya ule uso mzuri ambao ulikuwa haujakauka vizuri, na kikageukia ukutani.

Anyes hakukimbia. Mwenye kupishwa hakimbii. Alipita nyuma yake karibu kiasi cha kusikia vumbi likidondoka kutoka kwenye visigino vyake, akimkumbatia mtoto kwa mkono mmoja. Kilikuwa kimeinamisha kichwa vizuri, kama kilivyofundishwa. Kilikuwa kinasubiri kikohozi cha pili.

Na kikohozi cha pili kilikuwa kinakuja. Vumbi lilikuwa limemkaa kooni tangu alipoingia, na sasa lilikuwa linapanda, linamwasha, machozi yanamtoka. Aliziba mdomo. Alifika kizingitini akiwa amejikunja, kifua kinampiga, na huko ukutani kanga ikasogea kidogo, kama mtu anayetega sikio. Anyes akameza. Akameza tena. Nje mvua ilimpiga usoni, ikampiga na mtoto usoni, na Tulinagwe, aliyekuwa hajalowesha nepi tangu juzi, akamkojolea bibi yake kuanzia kifuani mpaka kiunoni, mkojo wa moto na mwingi.

"Ndaga, mwanangu," Anyes akasema bila kutoa sauti, akafunga mlango.